Siku Saba Juu ya Mpagazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cha pamba, koleo ndogo na gitaa lililochakaa. Sikufurahi hata kidogo. Nilikuwa nimeomba kazi ya useremala katika karakana ya misheni, hapa hapa Tabora mjini, na barua yangu ilieleza wazi kwamba najua kupiga randa na kuunga miguu ya meza, mambo niliyofundishwa na marehemu baba yangu. Fundi Mkuu aliisoma barua ile akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara nne, akaniuliza kama naimba kwaya.

"Naimba, baba. Sauti ya pili."

"Basi masikio unayo. Miguu ya meza ina watu tele hapa. Nifuate huku nyuma."

Huku nyuma kulikuwa na chumba chenye dirisha moja na benchi refu la mninga. Magitaa yalining'inia ukutani, mengine hayana nyuzi, mengine hayana shingo. Kwaya za vijijini, za Wakatoliki na za Wamoraviani, zilileta vyombo vyao kwa treni au kwa baiskeli, na Fundi Mkuu alikuwa akivitengeneza peke yake huku akinung'unika. Nyinyi mnaonisoma leo mnaweza kuagiza seti ya nyuzi kwa simu mkiwa mmejilaza kitandani. Sisi nyuzi tulizivizia. Zilikuja ndani ya vifurushi vya wageni wa misheni, au mfukoni mwa mtu aliyetoka safari ya mbali. Zikikosekana kabisa, mtu wa kijijini alichambua waya wa breki ya baiskeli akafunga huo. Niliwahi kupokea gitaa la kutoka Puge lenye nyuzi sita za aina nne, na mwenyewe akaniapia kwamba tatizo lake ni shingo.

Kwa hiyo pakiti karibu zote zilizofika mezani kwetu zilikuwa ngeni. Majina yake yalikuwa ya lugha ambazo hakuna aliyezijua, tukayaacha kama yalivyo, tukaziita kwa picha zake: Jogoo, Meli, Farasi Wawili, Mama wa Kijani. Wateja nao wakayashika majina hayo. Mtu alikuwa akiingia na kusema, "Dada Nyamizi, nifungie Meli. Jogoo sitaki, ananichubua vidole." Tulielewana vizuri kabisa.

Lile gitaa lililochakaa nililokabidhiwa nalo lilikuwa na jina. Liliitwa Mpagazi. Uso wake ulikuwa wa plaiwudi, tumbo lina viraka vitatu, na shingo yake ilikuwa nene kama mpini wa shoka. Halikuwa la mteja yeyote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kubeba kila uzi mgeni kabla haujafungwa kwenye gitaa la mtu.

"Wazee wetu walibeba pembe na vitambaa vya watu kutoka hapa hadi pwani," Fundi Mkuu aliniambia, "na hakuna aliyewauliza kama mzigo ni mzuri. Huyu naye ni mpagazi. Uzi usioujua, atembee nao siku saba kwanza. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba. Kwa nini saba?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za mwanzo uzi unajipendekeza. Usiuamini."

Nikajifunza zile siku saba kama mtu anavyojifunza sala. Siku ya kwanza ni kufunga na kunyoosha, maana uzi mpya hurefuka na sauti yake hushuka kila unapogeuka. Siku ya pili ni kutyuni kwa uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga hutoa noti moja isiyobadilika. Siku ya tatu ndiyo ya jembe. Unaupiga uzi saa nzima, vidole vikiwa na jasho, kwa sababu jasho ndilo linalokula shaba. Siku ya nne na ya tano Mpagazi alikaa barazani, mchana apate joto, alfajiri apate umande. Siku ya sita unapitisha ukucha chini ya uzi kutafuta mahali palipolika. Siku ya saba hufanyi lolote ila kusikiliza. Baada ya hapo ndipo unafungua daftari, unabandika ile pakiti kwenye ukurasa wake, unashonea kipande cha uzi pembeni, na unaandika ulichokisikia.

Mwanzoni niliona ni mbwembwe za mzee. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimenasa. Pakiti mpya ikifika, mikono ilikuwa ikiniwasha hadi niifungue. Nilitaka kujua kwa nini uzi mmoja umeviringishiwa shaba ya manjano na mwingine shaba nyekundu, kwa nini huu ni mviringo na ule ni bapa, na kwa nini nyuzi mbili zenye unene uleule zinatofautiana sauti kama mtu na shemeji yake. Mama yangu alisema nimepata kazi ya kuchezea waya. Alisema kweli, na nilikuwa naipenda.

Sasa nifike mahali ambapo kila nilipokuwa nasimulia habari za kazi yangu nilikuwa naparuka.

Magitaa ni ya namna mbili. Kuna ya nyuzi za chuma na kuna ya nyuzi za nailoni. Ukiyaona kwa mbali unaweza kudhani ni ndugu wa tumbo moja, lakini uzi wa chuma huvuta kwa nguvu zaidi sana. Lile pande la mti lililogundishwa usoni mwa gitaa, ambalo nyuzi hufungwa hapo, sisi tunaliita daraja. Daraja la gitaa la nailoni linashikwa na gundi tu. Ukilifunga chuma, umemtwisha mtoto gunia la mtu mzima.

Mwalimu Elisha alikuwa mwalimu wa kwaya ya Goweko. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye mwandiko mzuri wa ubaoni na adabu iliyopitiliza, kiasi kwamba alikuwa akiomba radhi hata kwa mlango. Alikuwa na gitaa la nailoni aliloachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Sijawahi kushika tena gitaa kama lile. Uso wake ulikuwa wa msonobari mkongwe, mwembamba, na ukiugonga kwa kidole ulikujibu. Kwaya nzima ya Goweko ilichukua sauti kutoka kwenye gitaa hilo. Alilileta kwetu tulibadilishe nyuzi, kwa kuwa wiki mbili mbele kulikuwa na mkutano mkubwa wa kwaya hapa mjini.

"Treni imechelewa, dada," aliniambia akipangusa jasho. "Tangu saa sita niko stesheni, na gitaa liko juani. Samahani sana."

Fundi Mkuu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Urambo kutafuta mbao. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo ilikuwa imefika pakiti ambayo hatukuwahi kuiona, yenye picha ya nyuki. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba za rangi ya kutu, kila moja ina kipete kidogo mwishoni, vipete vyenyewe vimepakwa rangi nyekundu. Sumaku ilizishika, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba ni chuma. Nisijifanye kwamba sikujua.

Nilichokuwa sijui ni sauti yake. Juu ya Mpagazi kila uzi ulisikika kama unaimba ndani ya debe. Na pale pembeni lilikuwa limelala gitaa lenye uso wa msonobari. Nikajiambia, nitafunga, nitasikia mara moja, nitafungua. Nani atajua?

Nilizifunga Nyuki kwenye gitaa la Mwalimu Elisha, nikazikaza taratibu. Nikapiga kodi moja, yaani nyuzi zote kwa mkupuo. Nikaisikiliza hadi ikaisha. Nikapiga ya pili, nikakaza kidogo tena ili ifike mahali pake hasa, nikapiga ya tatu.

Nilichokisikia nitakieleza mbele, kwa sababu kwa miaka hamsini hivi sikumweleza mtu.

Baada ya kodi ya tatu daraja liling'oka. Lilitoa mlio mmoja mkavu na kuondoka na ganda la uso wa gitaa upana wa kiganja. Nilizikata nyuzi kwa koleo, vipete vyekundu vikaruka huku na huku. Nikavikusanya, nikavitupa chooni pamoja na nyuzi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Fundi Mkuu aliporudi aliliangalia gitaa muda mrefu. "Ulikuwa umeshafunga nyuzi gani?"

"Bado sikuwa nimefunga, baba. Lilikaa juani stesheni tangu saa sita. Gundi imelegea."

Neno la stesheni alilisema Mwalimu mwenyewe kwa kinywa chake. Mimi seremala nilikuta mbao zimeshapasuliwa, nikajenga uongo wangu. Fundi Mkuu alipitisha kidole pale palipobanduka, akasema "Hm," akaniagiza nikachemshe gundi.

Mwalimu Elisha alipoelezwa hakumlaumu mtu. Alisema, "Basi ni mimi. Nililiacha juani." Kiraka kilihitaji wiki tatu kukauka vizuri, na mkutano ulikuwa wiki ya pili. Kwaya ya Goweko ikaja bila gitaa. Walianza wimbo juu mno, na ubeti wa pili sauti za kwanza zikakatika moja baada ya nyingine hadi wakabaki wanaume peke yao. Mwalimu alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema kosa si la wanakwaya, ni la kwake, hakukitunza chombo. Mimi nilikuwa mstari wa pili, na kwaya ya mjini. Niliangalia viatu vyangu.

Tangu siku hiyo alitembea na gitaa lake limefungwa blanketi. Kiangazi, masika, blanketi. Watoto wa stesheni walimtania kwamba amebeba mgonjwa. Kila miezi michache alikuja karakana, akalifungua blanketi polepole, akaniuliza, "Fundi, joto la leo halijalidhuru?" Nami nilikuwa nikijibu kwamba halijalidhuru.

Pakiti ya Nyuki niliibandika kwenye daftari. Sikuweza kuitupa. Lakini kwenye ukurasa ule sikuandika neno.

Maisha ya kazi hayamngoji mtu atulie moyo. Baada ya miaka michache niliazimwa kwa bendi ya kiwanda kimoja cha tumbaku, niwe mtunza vyombo. Meneja wa bendi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nene, na hakujali uzi unatoka wapi ilimradi usikike. "Fundi, nataka gitaa lisikike hadi kwenye mizani ya marobota," alikuwa akisema. Pale nilijifunza kwamba vumbi la tumbaku huua uzi kuliko jasho. Linaingia kwenye mikunjo ya shaba, na baada ya siku tatu uzi mpya unanong'ona tu. Nikaanza kuzichemsha nyuzi kwenye sufuria ili zitoe uchafu. Zilirudiwa na uhai kwa siku mbili, tatu, kisha zikafa moja kwa moja. Nililiandika hilo pia.

Kutoka hapo nilihamia chuo cha ualimu, idara ya muziki. Mkuu wa Idara alikuwa mama mmoja mkali aliyevaa miwani yenye kamba. Aliomba kuona daftari langu. Akasoma kurasa kumi hivi, akavua miwani.

"Nyamizi, hapa umeandika 'nzuri'. Hapa 'nzuri sana'. Hapa 'si nzuri'. Mimi nimejua nini?"

"Kwamba ni nzuri, mama."

"Nzuri ni salamu. Hainipi habari. Niambie inakaa muda gani ukiipiga. Niambie inaanza vipi na inaondoka vipi. Niambie inafanana na nini unachokijua wewe, si anachokijua mzungu."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kesho yake nikaanza upya. Farasi Wawili: inaanza kwa kishindo, inaondoka kabla hujahesabu nne, kama mgeni aliyekuja kuazima. Mama wa Kijani: uzi wa tatu una kikohozi. Meli: haina haraka, inafaa nyimbo za msiba. Nilipopita kurasa zote nikafika kwenye Nyuki, nikafunika daftari. Maneno nilikuwa nayo sasa, na yote yalikuwa tayari kinywani.

Fundi Mkuu alipostaafu aliomba nirudi karakana nishike nafasi yake. Siku ya makabidhiano alinipa Mpagazi, uma wa sauti na funguo za kabati. Kisha akalichukua daftari, akalifungua mahali bila kutafuta, na mahali penyewe palikuwa kwenye ukurasa wa Nyuki.

"Huu utaumalizia mwenyewe," alisema, akalifunga.

Sikuthubutu kumuuliza anajua kiasi gani. Alifariki masika yaliyofuata, na mimi nikabaki na lile "Hm" lake.

Miaka yangu ya kuongoza karakana ilikuwa ya nyuzi nyingi kupita kiasi. Kwanza zilikuja kwa wafanyabiashara wa Dar, kisha zikaanza kuja kwa mabasi, zikiagizwa kwa simu, pakiti zinang'aa hadi unajiangalia uso. Pamoja nazo zikaja za bandia. Ukitazama pakiti, ni ya heshima. Ukizifunga kwa Mpagazi, siku ya tatu zinapauka na siku ya tano zina kutu. Vijana walinicheka. "Bibi Nyamizi, siku saba? Watu wameshaandika mtandaoni kwamba ni kali." Niliwajibu kwamba huyo aliyeandika hakai Tabora, hajui kiangazi chetu kinavyokausha mbao wala mikono ya watu wanaochambua tumbaku asubuhi na kupiga gitaa jioni. Wengine walirudi na nyuzi zilizokatika, wakiwa na adabu zaidi.

Lakini nitasema na hili. Katika kila pakiti ngeni niliyoifungua miaka yote hiyo, kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nikikitafuta, na sikumwambia mtu. Nilitafuta uzi usiovuta kwa nguvu, ambao gitaa lenye kiraka lingeweza kuubeba, na ambao ungetoa sauti ile niliyoisikia kwa kodi tatu. Nilidhani nikiupata, nikaufunga kwenye gitaa la Mwalimu Elisha, basi nitakuwa nimerudisha nilichoharibu na sitalazimika kusema neno. Ndivyo nilivyojidanganya, na ndivyo nilivyozeeka.

Nimestaafu sasa. Nafasi yangu ameishika Zawadi, mama wa watoto wawili mwenye masikio makali kuliko yangu ya ujanani. Siku niliyomkabidhi daftari, alikaa nalo kutwa nzima akisoma na kucheka peke yake. Jioni akaniuliza.

"Bibi, Nyuki peke yake haina neno. Ilifanya nini kwa Mpagazi?"

"Haikufika kwa Mpagazi."

"Ilifika kwa nani?"

Nikamwambia nitamjibu, lakini kuna mtu wa kuambiwa kabla yake. Nilishangaa jinsi sentensi hiyo ilivyotoka kirahisi. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha hadi mvi.

Wiki hiyo hiyo Zawadi alikuwa amepokea pakiti ngeni kutoka Dar, nyeupe tupu, haina hata picha. Moyo wa kila uzi ulikuwa wa waya mwembamba uliosokotwa kama kamba, juu umeviringishiwa utepe bapa. Maelezo yalisema zimetengenezwa kwa magitaa ya nailoni, mvuto wake ni mdogo. Nilizitembeza siku saba juu ya Mpagazi, kisha nikazitembeza saba nyingine. Hazikuvuta kwa nguvu, hazikushika kutu, na siku ya saba ya pili nilisikia ndani yake kitu nilichokijua. Nikachukua daftari, pakiti na nyuzi, nikapanda treni kwenda Goweko.

Mwalimu Elisha ana zaidi ya miaka themanini. Nilimkuta sebuleni kwake, binti yake akipanga majani ya tumbaku ukumbini. Gitaa lilikuwa juu ya kiti cha wageni, ndani ya blanketi. Blanketi sio lile la zamani, hili lilikuwa la tatu au la nne.

"Mwangaluka, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu Nyamizi. Karibu kiti. Samahani, kiti kina mtu."

Tulicheka. Binti yake akaniletea kigoda na uji wa karanga. Nilikuwa nimepanga kufunga nyuzi kwanza kisha niseme, lakini nilipoliona lile blanketi nikajua kwamba nikianza na nyuzi sitasema kamwe.

"Mwalimu, halikuwa jua."

"Jua lipi?"

"La stesheni. Gitaa lako halikuharibiwa na jua. Niliharibu mimi. Nililifunga nyuzi za chuma, za majaribio, Fundi Mkuu akiwa hayupo. Nilitaka kusikia tu. Daraja likang'oka, nikasema ni jua, nawe ukasimama mbele ya wazee ukabeba kosa langu. Nisamehe, baba yangu."

Nililia, sioni haya kusema. Mwalimu aliinuka kwa shida, akaingia chumbani, akarudi na kikopo cha dawa. Akakitingisha, kikalia. Akamimina kwenye kiganja changu kipete kimoja chekundu.

"Kilikuwa kinacheza tumboni mwa gitaa," alisema. "Nilikitoa kwa kijiti chenye nta, mwezi ule ule mliponirudishia. Nyuzi zangu za nailoni hazikuwa na vipete."

"Ulijua?"

"Kwa wazee nilisema nilichokiamini. Hili nililijua baadaye, mkutano umeshapita. Nikasema, huyu binti atakuja kusema. Pasaka ikapita. Nikasema, labda mavuno."

"Kwa nini hukuniuliza, Mwalimu?"

"Ningeuliza, Fundi Mkuu angekufukuza. Halafu nani angenifungia nyuzi?"

"Na blanketi? Kama ulijua si jua, mbona umelibeba blanketi miaka yote?"

"Mlisema jua ni baya kwa gundi. Si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi."

Alikaa, akavuta kiti chake karibu na kigoda changu hadi magoti yetu yakagusana. Macho yake yalikuwa na ukungu lakini yalinikazia kama ya mwanafunzi wa mbele.

"Sasa niambie. Kabla halijang'oka, lilisikikaje?"

"Lilitoa sauti nzuri, Mwalimu. Nzuri sa..."

"Nzuri?" Sauti yake ilipanda, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. "Nyamizi, la daraja nilikusamehe kabla hujaolewa. Lakini miaka yote hii ulikuwa na habari ya gitaa langu mwenyewe, sauti ambayo mimi sijaisikia, nawe umeikalia. Hilo sijui kama nitalisamehe. Niambie vizuri."

Nikafumba macho, nikamwambia. Nikasema kodi ya kwanza ilikuwa ya G, na ilianza bila kishindo, kama mtu anayeingia nyumba yenye mtoto aliyelala. Nikasema nyuzi zote sita zilisikika kila mmoja peke yake na bado zilikuwa pamoja, kama sauti nne za kwaya yake siku wanapoimba bila kushindana. Nikasema nilihesabu kumi na moja kabla haijaisha, na hata ilipoisha mbao za benchi zilikuwa bado zinatetemeka chini ya kiwiko changu.

"Uzi wa nne?"

"Ulikuwa na utamu wenye ukali kidogo. Kama asali ya msituni, inayokuna koo."

"Na ya tatu, ile kodi ya mwisho?"

"Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko gitaa lenyewe. Nadhani ndiyo sababu."

Alitikisa kichwa taratibu, akilamba midomo. Kisha akasema nifunge hizo nyuzi zangu nilizozileta. Nilifungua blanketi, nikafunga, nikakaza polepole huku nikiangalia kile kiraka kama mama anayeangalia homa. Kilitulia. Nikampa gitaa. Vidole vyake vimekakamaa, alichukua muda kuvipanga. Akapiga kodi ya G, akaacha ikae, akaegemeza sikio kwenye ubavu wa gitaa hadi sauti ikaisha. Ukumbini binti yake alikuwa ameacha kupanga majani.

"Ndiyo ile?" aliniuliza.

Alikuwa anatabasamu. Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi kabisa kinywani mwangu, na lingempendeza.

"Siyo, Mwalimu. Inaikaribia."

"Kwa kiasi gani?"

"Hii niliihesabu saba. Na haina ule ukali."

"Haya. Andika, usije ukasahau."

Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa Nyuki. Nikaomba sindano na uzi kwa binti yake, nikakishonea kile kipete chekundu mahali pa kipande cha uzi. Nikaandika yote niliyomwambia, nikamalizia hivi: "Haikutembea siku saba. Ilisikika kwa kodi tatu tu, juu ya gitaa la Mwalimu Elisha wa Goweko. Daraja nililing'oa mimi."

Nikamsomea. Alinyoosha mkono akaomba kalamu. Chini ya maneno yangu, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni ambao sasa unatetemeka, akaongeza mstari mmoja: "Mwenye gitaa hakuwepo."